Mafuta Aliyonyimwa Schékinah

Kila asubuhi Yudita alimbusu mjukuu wake Schékinah kwenye paji la uso, na kila asubuhi midomo yake ilionja chumvi. Hakuliona kuwa jambo la kuuliza. Elda, mkamwana wake, alikuwa akipaka samaki chumvi uani na kuwauza katika soko la Rumonge, kando ya ziwa. Chumvi ilikuwa kwenye ndoo, kwenye vitenge, hata kwenye komeo la mlango.

"Mtoto wa muuza samaki, mlitaka awe na ladha ya asali?" Yudita aliwaambia majirani, nao wakacheka.

Alichokiona yeye ni kitu kingine. Schékinah alikuwa na miaka minne, lakini mwili wake ulikuwa wa mtoto wa miaka miwili. Alikohoa kohozi zito. Choo chake kilikuwa kingi, chenye harufu kali, na kiling'aa mafuta. Yudita alikuwa mkamuaji wa mawese. Tangu arudi kutoka Tanzania alikokimbilia wakati wa vita, aliishi kwa michikichi yake huko Kigwena. Aliyajua mafuta, naye akaamua.

"Mafuta yanampita mtoto huyu," alimwambia Elda. "Ndiyo yanayomharibu tumbo. Kuanzia leo mpikie majani ya sombe bila mawese."

"Ndiyo, mama," Elda alijibu. Baada ya wiki kadhaa alirudi na sahani tupu mkononi. "Mutoto anakula kushinda kaka yake, mama. Lakini hanone. Anazidi kukonda."

"Kwetu hatuna ugonjwa wa namna hiyo."

"Hata kwetu Baraka hatuna."

"Basi ameuokota wapi? Ziwani?"

Elda aliondoka kwenda kuosha sahani. Alitoka Baraka, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, na alijua mkwewe alikuwa akimaanisha nini. Jioni hiyo Yudita alimwita mwanawe Fabiano kando.

"Mrudishe Elda kwao na mtoto wake. Wakatafute dawa ya ukoo wao."

"Mtoto wake?" Fabiano aliuliza. "Na mimi sehemu yangu ni ipi, mama? Nibaki na miguu yake, wao wachukue kichwa?"

Yudita alirudi kwenye mawese yake, ila hakuliacha wazo lake.

Muuguzi Lameki wa kituo cha afya alikuwa amempima Schékinah kifua kikuu, minyoo na virusi vya UKIMWI. Hakuna hata kimoja kilichoonekana. Safari hii, mtoto alipoletwa tena anahema kwa shida, Lameki alimpa dawa ya kuua vijidudu, kisha akaketi.

"Nimetibu kifua hiki mara nyingi mno," alisema. "Kikohozi kinachorudi hivi, pamoja na choo cha mafuta, kina sababu nisiyoijua. Mupeleke mutoto Bujumbura, kwa daktari wa watoto."

Walikwenda wote: Fabiano, Elda na Yudita, ambaye hakutaka kuambiwa habari na mtu mwingine.

Dokta Beatrisi alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini. Alisikiliza kifua cha Schékinah na kutazama ncha za vidole vyake, zilizovimba kidogo. Kisha alimgeukia bibi.

"Mama, ukimubusu huyu mutoto, unasikia ladha gani?"

"Chumvi," Yudita alisema huku akitabasamu. "Lakini dokta, kwetu hata paka ana chumvi. Mama yake anauza samaki."

"Na kaka yake, ukimubusu?"

Yudita alimfikiria Josias, mjukuu wake mkubwa. Josias alilala chumba kimoja na dada yake. Yeye ndiye aliyembebea mama yake ndoo za chumvi. Uso wake ulikuwa na ladha ya sabuni, au ya vumbi.

"Josias hana chumvi," alisema polepole.

Walipima jasho la Schékinah kwa kifaa kidogo kilichofungwa mkononi mwake. Chumvi ilizidi sana. Walipima tena, wakapata vilevile. Damu ilipelekwa nchi za nje ili vinasaba vyake, yaani chembe za urithi, vichunguzwe, na majibu yakachukua muda. Jibu lilipofika, dokta aliwaita.

"Ugonjwa huu unaitwa mukovisidozi," alisema. "Hauambukizwi kwa watu wa nyumbani. Mutoto anazaliwa nao. Katika mwili kuna milango midogo inayopitisha chumvi na maji. Kwake milango hiyo ni mibovu. Chumvi nyingi inatoka na jasho, na ute wa ndani unakuwa mzito. Ukiganda kwenye mapafu, vijidudu vinakaa humo. Ukiziba njia za kongosho, maji ya kusaga mafuta hayafiki tumboni."

"Kwa hiyo mafuta yanampita," Yudita alisema.

"Yanampita kweli, mama. Hapo uliona vizuri."

"Nikayaondoa."

"Hapo ndipo tulipopotea njia. Mutoto huyu anahitaji mafuta kuliko Josias. Tutampa vidonge vya vimeng'enya, avimeze kila anapokula. Vitasaga kile ambacho kongosho haliwezi kusaga. Bila vidonge, mafuta yanapita. Bila mafuta, vidonge havina cha kusaga, na mutoto ana njaa huku ameshiba."

Yudita alitazama mikono yake. Ilikuwa na rangi ya mawese kwenye kucha. Madebe yalijaa nyumbani, na mtoto mmoja tu ndiye aliyenyimwa.

Mwishowe aliuliza swali alilokuja nalo.

"Ugonjwa umetoka upande gani?"

Elda aliinamisha kichwa.

"Pande zote mbili," dokta alijibu. "Kila kinasaba tunacho kwa nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu haugui. Hajui hata kama anayo. Schékinah amepata mbovu mbili. Moja peke yake isingemfanya augue."

"Mimi mzima, Fabiano mzima, Elda mzima," Yudita alisema. "Mgonjwa anatokaje?"

Fabiano ndiye aliyemjibu.

"Mama, wakumbuka kitalu chetu? Tulichukua mbegu za michikichi bora, yenye kokwa la ganda jembamba. Baba mzuri, mama mzuri. Mingine ikatoka mizuri, mingine ikatoka na ganda nene. Na mingine ikatoa maua, mikungu ikaoza bila kukomaa."

"Karibu robo," Yudita alisema. "Tukaulaumu udongo."

"Michikichi mimi nainunua ikiwa mafuta tayari," dokta alisema, "lakini hesabu ni hiyo. Tofauti moja: mchikichi wenye nakala moja mbovu unautambua kwa ganda lake jembamba. Mutu mwenye nakala moja mbovu huoni kitu kwake."

"Na nikibeba mimba ingine?" Elda aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku hiyo.

"Kila mimba inaanza upya. Nafasi moja katika nne ya kuugua. Aliyeugua hamlipii anayefuata. Ukizaa, tutamupima mutoto mapema."

"Atapona?" Fabiano aliuliza.

Dokta alisogeza kiti karibu. "Hapana. Zamani watoto hawa walikufa wadogo. Leo, penye matunzo kamili, wengi wanakuwa watu wazima, wanafanya kazi, wanajenga nyumba. Kuna dawa mpya zinazotengeneza ile milango, lakini ni ghali mno, hapa kwetu hatuna, na hazifai kila aina ya kosa la kinasaba. Kosa la Schékinah haziwezi kulirekebisha. Yeye tunamtunza kwa mafuta, vidonge, vitamini, chumvi zaidi wakati wa joto, na kusafisha kifua kila siku. Akianza kukohoa zaidi, musingoje. Na awe mbali na moshi."

Alimlaza Schékinah ubavu kwenye mapaja ya Fabiano, akakunja kiganja kama kikombe, akampiga mgongoni kwa mapigo mepesi, kisha Fabiano akaiga. Kohozi lilitoka. Schékinah alicheka.

"Baba ananipiga ngoma," alisema.

Mambo hayakunyooka mara moja. Vidonge havikupatikana Rumonge. Vilitoka mbali, na wakati mmoja vilichelewa, mtoto akakonda tena. Hata hivyo Yudita aliuhamisha moto wa kuchemshia mawese kutoka uani hadi shambani. Jamaa wa Fabiano walipokuja Jumapili na kuanza kunong'ona juu ya mwanamke wa Kongo, aliweka kikombe chini.

"Elda ametoa nusu," aliwaambia. "Nusu nyingine imetoka kwetu, huenda ni kwangu mimi. Anayetaka kumrudisha mtu kwao, aanze na mimi."

Shangazi mmoja aliomba chai.

Leo sombe ya Schékinah inapikwa kwa mawese, na vidonge huwekwa kando ya sahani. Fabiano humsafisha kifua asubuhi na jioni, na Elda bado anauza samaki sokoni. Schékinah hajapona. Ameongezeka uzito, na mwezi wa tisa alianza shule.