Taa Iliyobaki Kijani

Kila akitoka shule, Swichi alivua viatu, akala, kisha akaketi kwenye meza ya kazi ya mama yake, fundi wa vifaa vya zahanati. Nyumbani walimpachika jina hilo kwa kuwa hakukuwa na kitufe alichokipita bila kukibonyeza. Safari hii alikabidhiwa kazi ya maana: kompyuta ndogo inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux, saizi ya kiganja, ya kulinda friji ya chanjo. Taa yake ingewaka kijani friji ikiwa baridi, na nyekundu joto likipanda.

Mama alimweleza kwamba kila rangi ya taa hiyo huwashwa na kuzimwa haraka mno, jicho lisione. Ikiwaka kwa muda mrefu kuliko inavyozimwa, mwanga huwa mkali. Hivyo kila rangi hupewa namba mbili: kwanza urefu wa mzunguko mmoja, kisha sehemu ya mzunguko huo itakayowaka.

Swichi aliipa kijani namba zake, ikawaka. Nyekundu akaipa namba ya pili tu, ya kwanza akaisahau. Kuijaribu kulitaka apashe moto kipimajoto kilichounganishwa na kompyuta hiyo na kusubiri, na wenzake walikuwa wanamwita nje. Mama alipouliza kama amejaribu rangi zote, alijibu bila kupepesa macho kwamba amejaribu.

Siku ya tatu baada ya kompyuta kufungwa kwenye friji, waliitwa zahanati mbio mbio. Mlango wa friji ulikuwa haujafungwa vizuri tangu asubuhi. Ndani, nyuzi kumi na tisa. Nje, taa ya kijani inawaka kama kawaida. Chanjo zote zilikuwa zimeharibika, na kina mama walikuwa wanarudishwa nyumbani na watoto wao.

"Nilidanganya, mama," Swichi alisema. "Nyekundu sikuijaribu."

Mama hakugomba, na hilo lilimtisha Swichi zaidi. Wakafungua programu palepale. Iliamuru nyekundu iwake, ndipo kijani izimwe. Lakini mashine, bila kujua mzunguko wa nyekundu, ilikataa na programu ikakwama kabla ya kuzima kijani. Swichi akaandika namba iliyokosekana, akafumbata kipimajoto mkononi mpaka taa ikageuka nyekundu.

"Kusahau namba ni kawaida, hata mimi husahau," mama alisema. "Ndiyo maana tunajaribu. Lakini uliposema umejaribu, mwanangu, mimi niliacha kuangalia, na muuguzi wa hapa, kwa kuiamini taa, naye akaacha."

Swichi alitoka peke yake, akawakimbilia kina mama waliokuwa bado langoni, akawaomba radhi.