Tisa kwa Mia

Kipimashtaka kilisimama mlangoni mwa kituo cha polisi, kirefu kama kabati la nguo, na kilisikiliza watu ishirini kwa wakati mmoja bila kuwachanganya. Unaweka kiganja kwenye kioo, unasema lililokukuta. Mashine inapima maneno, inapima pumzi, halafu inatoa alama. Ukipata hamsini kwa mia, jalada limefunguliwa kabla hujatoa mkono. Ukipungukiwa, inakuaga kwa sauti ya dada mpole. Mji wote wa Ngerengere Mpya uliipenda, maana haikuomba kitu kidogo wala kumwambia mtu aje kesho.

Melkiori Kobelo, fundi wa mapaa, ilimpa tisa.

Alikuwa amekwenda kumsemea binti yake, Agripina, aliyelazwa hospitali baada ya kukatwa mguu. Kiwanda cha matofali alikofanya kazi kilitumia mikono-chuma, mitambo ya kubebea matofali. Kila mkono una jicho la tahadhari. Likiona mtu, mtambo unasimama. Msimamizi wa zamu aliyaziba macho hayo kwa utepe ili kazi iende mbio. Agripina alimwona akiziba. Siku ya tatu, mkono-chuma ukampitia mguuni.

Ushahidi ulikuwa ndani ya mtambo wenyewe, kwa kuwa unakumbuka kila kitu, hata saa jicho lake lilipozibwa. Lakini sheria iliruhusu kiwanda kufuta kumbukumbu hizo baada ya mwaka mmoja kama hakuna jalada la polisi. Kobelo akaenda kwa hakimu kuomba kituo kiamriwe kufungua jalada. Hakimu alisoma ile tisa, akakataa. Alisema mashine haina ndugu wala adui. Ndipo wakili wa msaada wa kisheria, Zuhura Kingalu, akapeleka maombi ya mapitio Mahakama Kuu. Yaliposikilizwa, mwaka ulikuwa umebakiza siku sita.

Jaji alikuwa mama wa makamo, Tabu Mwenegoha. Wakili wa Serikali alimweleza kwamba kipimashtaka kimefunzwa kwa mashauri laki nane, na kinakosea mara chache kuliko polisi yeyote. Jaji akamuuliza kama amesikiliza malalamiko yenyewe. Akajibu kuwa amesoma alama.

"Basi tusikilize," alisema jaji.

Sauti ya Kobelo, iliyorekodiwa kituoni, ikajaa ukumbini. "Shikamoo afande. Samahani nawasumbua, najua mna kazi nyingi. Mimi shule niliiacha mapema, pengine nakosea, mtanisahihisha. Sipendi kumharibia mtu riziki. Lakini mwanangu amekatwa mguu, na kuna mtu aliziba macho ya mtambo."

Ukutani zikatokea hesabu za mashine. Alipoomba samahani, iliandika kwamba anakiri kosa. Aliposema pengine nakosea, iliandika hana hakika. Aliposema hapendi kumharibia mtu, iliandika anaondoa shtaka.

Kobelo aliinamisha kichwa. Mwaka mzima alidhani mashine imeona ubaya fulani ndani yake. Kumbe ni adabu aliyofundishwa na mama yake: ukiingia kwa wakubwa, unajishusha kwanza, ndipo unasema shida yako.

Jaji alimgeukia wakili wa Serikali. "Wewe ukienda kuposa, unaingia na kusema nipeni binti?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nitafukuzwa."

Watu wakacheka, hata karani. Jaji hakucheka.

"Kituo hakikuulizwa kama mzee huyu anasema kweli," alisema. "Kiliulizwa hivi: aliyoyasema, yakiwa kweli, ni jinai? Ni jinai. Hakimu alipaswa kuyasikia, yeye akasoma namba. Nautengua uamuzi wake. Jalada lifunguliwe leo, na kumbukumbu za mtambo zishikwe leo hii."

Kobelo alishukuru mpaka akaishiwa maneno. Alimshukuru jaji, akamshukuru Zuhura, akamshukuru karani na askari wa mlangoni. Wakili wa Serikali naye alipewa mkono, akaushika kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe, mzee wangu."

Lakini jaji hakuwa amenyanyuka. Alimwita mhandisi wa kipimashtaka, akataka kujua ni malalamiko mangapi yaliyoanza kwa kuomba radhi yamekataliwa. Mhandisi alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Elfu sita mia moja na arobaini, kwa miaka minne. Wengi walikuwa wazee, wafanyakazi wa majumbani na watu wa mashamba. Waliofoka walipita. Jaji akaamuru yote yasikilizwe upya kwa masikio ya watu.

Jioni Kobelo alimsimulia Agripina, huku akimkanda bega lililochoshwa na magongo. Alisema Mungu amewapa jaji mwenye masikio.

"Na hao wengine, Baba?" Agripina aliuliza. "Kumbukumbu zao si zimeshafutwa?"

Jumatatu Kobelo aliacha paa la mtu nusu, akaenda kujiandikisha mahakamani, kwani walitafutwa wasikilizaji wanaojua jinsi watu wanavyosema. Walimketisha, wakamvika visikizi masikioni.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya bibi, iliyorekodiwa miaka mitatu nyuma. "Hodi wanangu. Samahani, nawapotezea muda."

"Karibu, mama," Kobelo alijibu, akavuta kalamu. "Sema tu. Nakusikia."