Wimbi la Nyota na Sikio la Jovan

"Olivia, niambie neno moja tu. Jovan yuko hai?"

"Wewe Gisèle nauliza leo? Wacha sisi na machozi yetu."

Simu ikakatwa.

Gisèle alibaki amesimama nyuma ya nyumba yao ya udongo pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, simu sikioni. Ilikuwa saa nne asubuhi, Agosti 2014, jua kali, na yeye alisikia baridi. Olivia ni dada yake Jovan, anaishi na mumewe kwenye kambi ya jeshi Mbarara. Jovan mwenyewe, Koplo Twinomujuni, mpenzi wa Gisèle, alikuwa amepelekwa Somalia na kikosi chake. Kila Jumapili alipiga simu, kila mara kwa namba nyingine ya huko. Sasa Jumapili sita zilikuwa zimepita kimya, na redio ilikuwa imetangaza bomu huko Somalia. Mtu akikwambia "machozi yetu", wewe ungefikiria nini?

Akaingia ndani, akafungua kompyuta aliyoazimwa na chuo, ajisahaulishe kwa kazi. Mfa maji haachi kutapatapa.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa fizikia, chuoni Mbarara. Kazi yake ilikuwa mabaki ya nyota iliyoonekana ikilipuka miaka mia nne iliyopita. Alikuwa na picha mbili za darubini ya angani, moja ya mwaka 2000, nyingine ya mwaka huo, naye alipima ukingo wa mlipuko umesogea kiasi gani.

Mama yake, Madeleine, akatua sufuria ya sombe, yaani kisamvu, akachungulia.

"Iko nini ile inawaka pembeni?"

"Njo wimbi ya mushituko, mama," Gisèle akajibu kwa Kiswahili cha kwao, ambacho njo ni ndiyo na fasi ni mahali. " Nyota ikipasuka, inasukuma gesi mbele yake na nguvu mingi. Huu mustari njo fasi wimbi imefika."

"Ilipasuka wakati gani?"

"Batu baliiona mwaka 1604."

"Na iko inakimbia mpaka leo?"

"Mpaka leo. Huku juu imekuta gesi nzito, imepunguza mwendo. Lakini hapo njo inawaka zaidi."

Madeleine akaugusa ule mstari kwa kidole. Mwaka 1996, kwenye vita kule kwao Fizi, kombora liliangukia nyumba yao, na baba yake Gisèle akabaki humo. Tangu siku hiyo mama huyu akiona sare ya jeshi huingia ndani na kufunga mlango.

"Basi hata ile ya kwetu Fizi haiyasimama," akasema, na machozi yakamtoka.

"Mama, unalia nini?"

"Jovan alipigaka simu."

Gisèle akageuka polepole.

"Ile siku ulinituma nikamate simu yako kwa Laurent, fasi banachaji, pale kijiji ya Misiera. Njiani ikalia. Mwanaume akasema, niko Jovan. Nikamuambia Gisèle alishapanda ndege, ameenda Amerika, hatarudia. Kisha nikarudi kwa Laurent, nikamuomba afute ile namba."

Uongo huo ungesemwa kwingine, mtu angecheka. Nakivale nani ataubishia? Leo jirani mnateka naye maji, kesho gari la shirika limemchukua, yuko Amerika, hata sufuria yako hajarudisha. Jovan aliyaona hayo kwa macho yake alipokuja kumwona Gisèle. Angekataaje?

"Mama, juu ya nini?"

"Niliogopa. Sikutaka basoda, batu ba jeshi, mu nyumba yangu. Na sikutaka ungoje mutu wa bomu vile mie nilingoja baba yako atoke mu ile nyumba."

"Sasa amekufa, mama. Amekufa akijua nilimutupa."

Hakupaza sauti. Hasira ilikuwapo, tena ya kuchoma, lakini hofu iliizidi. Akampigia Olivia tena.

"Olivia, usikate. Niko Nakivale. Sijaenda Amerika. Mama alimdanganya Jovan."

Safari hii Olivia hakukata.

"Kweli wewe iko bado huko Nakivale?"

"Niko nyumbani kwetu."

"Jovan iko hapa kwangu. Bomu ilirusha yeye, nguvu yake ikapasua sikio ya kushoto. Hapana kula, hapana ongea. Mimi nalia juu yake, nasema huyu msichana alikimbia ndugu yangu."

Ikasikika sauti ya kiti, kisha pumzi aliyoijua.

"Gisèle? Mimi hapana kufa."

Gisèle akakaa chini pale pale sakafuni, akalia kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba. Jovan akashuka bila sare, amekonda, mkononi dumu la maziwa kutoka kwao Bwizibwera. Akasimama hatua kumi kutoka mlangoni. Asingesogea bila kukaribishwa na mwenye nyumba.

Madeleine alikuwa mlangoni, kashikilia ubao kwa mikono miwili. Gisèle alijua mlango ule unavyofungwa.

"Karibu," mama akasema, sauti haifiki hata hatua tano.

Jovan hakusogea.

"Hajasikia, mama," Gisèle akanong'ona. "Sikio ya kuume njo nzima. Umukaribie."

Angeweza kumwita mwenyewe. Hakumwita.

Madeleine akazitazama zile hatua kumi. Akashuka kizingiti. Alitembea akiangalia chini, midomo ikisali, na alipofika akajishikiza begani kwa Jovan asianguke. Akainua mdomo hadi sikio la kulia.

"Mie njo nilikudanganya, mwanangu. Niliogopa."

Jovan akaweka dumu chini, akaufunika ule mkono begani mwake.

"Nyabo, mama, hata mimi naogopa. Mlango ikigonga tu, mimi nalala chini."

Madeleine akamtazama usoni, mara ya kwanza.

"Basi ingia," akasema karibu na sikio lake. "Ule mulango hatutaugonga. Na sombe inapoa."