Siham na Sauti Mbili Zilizopotea

Kila asubuhi kabla ya shule, Siham humsaidia mama yake, Maka, kupanga madumu ya maziwa ya ngamia kwenye meza yao sokoni Garissa. Maka hufanya kazi huku akiimba nyimbo alizojifunza utotoni kwao Bura, ngamia wakinyweshwa kisimani. Siham humfuatisha bila hata kujua kwamba anaimba.

Jioni hukimbilia chama cha muziki shuleni, na huko ndiko kulikokuwa na balaa. Mwalimu Dubow alikuwa akipiga sauti mbili kwenye gitaa, nao wanafunzi wakitaja umbali kati yazo. Do mpaka mi ni ya tatu, kwa kuhesabu do, re, mi. Do mpaka so ni ya tano. Siham hakukosea kamwe, hata wenzake wakamwita Sikio la Dhahabu. Sikio gani! Binti alikaa mstari wa mbele akichungulia vidole vya mwalimu.

Siku moja mwalimu akatangaza, "Wiki ijayo nitachagua mpiga gitaa wetu wa tamasha la muziki. Nitapiga nikiwa nyuma yenu. Msigeuke."

Siham alishtuka: sasa angechunguliaje? Alilitamani gitaa lile kuliko kitu chochote. Walipotoka, rafiki yake Kaha alimwimbia sauti mbili mbili ili wafanye mazoezi, naye akawa anabahatisha tu.

"Si wewe ndiye bingwa?" Kaha alishangaa.

"Bingwa wa kuchungulia," Siham alijibu, machozi yakimlengalenga.

"Basi mwambie mwalimu."

"Niaibike? Walahi siwezi!"

Lakini kesho yake alikwenda. "Mwalimu, mimi sisikii kitu. Huwa naangalia vidole vyako."

Alisubiri kugombezwa. Badala yake Mwalimu Dubow alisema, "Niimbie sauti zote, kutoka do ya chini hadi do ya juu."

"Do, re, mi, so, la, do!"

"Hebu rudia."

Akarudia vile vile. Mwalimu akaangua kicheko. "Fa na ti umezipeleka wapi?"

Maskini, hata hakujua kwamba ameziruka.

"Nyumbani mnaimba nini?" mwalimu aliuliza.

"Mama yangu, hooyo, huimba nyimbo za kunywesha ngamia."

"Imba mmoja."

Siham akaimba, mwalimu akimfuata kwa gitaa. Wimbo mzima ulikuwa na sauti tano tu. Fa na ti hazikuwemo.

"Umeona? Nyimbo zetu nyingi ziko hivyo. Sikio lako ni zima, ila halijazoea hizo mbili. Hata mimi zilinisumbua. Na wimbo wako unaanza kwa kuruka kutoka do hadi so. Ya tano unaijua tangu utotoni!"

Siham alishusha pumzi ndefu. Kumbe hana kasoro! Alijiona mwepesi kama mtu aliyetua dumu la maziwa.

"Sasa imba mpaka mi, halafu panda kidogo tu," mwalimu alisema. "Fa ni jirani wa mi, na ti ni jirani wa do ya juu. Hapo ni nusu hatua, umbali mfupi kuliko wote."

Wiki nzima Siham aliimba mi-fa, ti-do pale sokoni, hadi wateja wakamuuliza kama ana kwikwi.

Siku ya jaribio ilipofika, alifumba macho. Sauti mbili za kwanza zilikuwa mwanzo wa wimbo wa mama yake. "Ya tano!" Kisha mwalimu akapiga do, mi, so na do ya juu, moja baada ya nyingine, wataje umbali wa kila moja kutoka do ya kwanza. "Ya tatu, ya tano, ya nane!" Mwishowe zikalia sauti mbili zilizokaribiana sana. Wenzake walisita.

"Nusu hatua!" Siham alisema kwa sauti.

"Maashallah! Gitaa la tamasha ni lako."

Kaha alimrukia kwa furaha. Wenzao walipoondoka, Siham aliuliza, "Mwalimu, mbona siku ile hukunigombeza?"

"Kuchungulia ni udanganyifu, usirudie. Lakini ulikuja mwenyewe ukasema hujui, ndipo nami nikajua pa kuanzia. Ungenyamaza, ningefundisha macho yako mwaka mzima nikidhani nafundisha sikio."

Siham alilikumbatia gitaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.