Kiuno cha Mwavuli

Fundi hakuwa mtu wa kugombana na wateja, lakini siku ile sokoni, katikati ya zogo la wauza vitambaa, aling'ang'aniana jora la kijani na binti asiyemjua.

"Dada, nimelishika kwanza."

"Na mimi nimelipenda kwanza. Haya, nani zaidi?"

Binti alivaa gauni refu la mikono mirefu, mwavuli umefunguliwa, na angani hakuna hata wingu. Fundi akacheka, akashindwa. Waligawana kitambaa, na Fundi akaahidi kukishona mwenyewe kipande cha binti. Tangu hapo akamwita Mwavuli, na simu hazikuisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Shona nguo za watu, utajidunga sindano."

Tatizo la Fundi lilikuwa wivu. Kila wiki Mwavuli alipotea asubuhi nzima, simu imezimwa. Akiulizwa, alijibu, "Nilikuwa na shughuli." Shughuli gani isiyo na jina? Tena kulikuwa na vidonge alivyovificha haraka mkobani.

Siku ya kujaribu gauni, zipu ikagoma. Fundi akapitisha futi kiunoni, akarudia kupima. Kiuno kimeongezeka! Hata uso umejaa. Mwavuli alipoingia ndani kubadilisha nguo, dada yake Fundi, aliyeshona naye chumba kimoja, akamsogelea.

"Mimba haijifichi, mdogo wangu. Nawe unasema hujamgusa?"

Mwavuli alipotoka, Fundi hakumung'unya maneno.

"Ni ya nani?"

"Nini?"

"Hiyo mimba."

Mwavuli akakaa, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Kidole kikatoka, shimo likabaki.

"Hii ni mimba, Fundi? Ni maji. Nina lupus. Kingamwili zinazotakiwa kupigana na vijidudu zimenigeukia mwenyewe. Zinashikana na chembe za mwili wangu, zinakwenda kukwama kwenye figo. Figo inaumia, protini inavuja kwenye mkojo, mimi navimba. Hata jua linauchochea, ndiyo maana siachi mwavuli. Kila wiki niko kliniki."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisubiri nikuamini. Kumbe wewe na kingamwili zangu ni ndugu! Mnampiga wa nyumbani mkidhani adui."

Akaondoka bila kuaga.

Fundi alipiga simu mpaka akachoka. Aliona aibu, kisha hofu: angeweza kumpoteza kwa hasira, au kwa ugonjwa. Siku ya kliniki alikwenda hospitali, akamkuta kwenye benchi, akaketi kando yake bila kukaribishwa.

"Umefuata nini?"

"Msamaha. Nimekosa, mpenzi."

"Leo wanachukua kipande kidogo cha figo, wapime ilivyoumia. Dawa zikinikubali, zitazituliza hizo kingamwili. Zisiponikubali, figo zitakufa, niishi kwa mashine ya kusafisha damu."

"Basi tutaizoea hiyo mashine wote wawili. Naomba nikuoe."

"Na nikichelewa kurudi nyumbani, utaniuliza nilikuwa wapi?"

"Nitakuuliza. Ila nitakuwa nimeshavaa viatu, nije nikufuate."

Mwavuli alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Nesi akafungua mlango, akamwita Mwavuli kuwa zamu yake imefika, akamwona Fundi naye anasimama.

"Na huyu ni nani wako?"

Mwavuli akamkagua Fundi toka utosini hadi unyayoni, jicho moja amelifinya.

"Mchumba wangu," akasema. "Lakini bado namchunguza."