Shati Lililotoweka Kwenye Mashine

Mashine ya kukaushia nguo ilikuwa tupu, na mpangaji wa nyumba ile alikuwa amejifungia nayo ndani ya kijichumba cha kufulia, analia. Alimfungulia Inspekta, akaurudisha mlango haraka.

"Kimeibiwa nini?"

"Shati la marehemu mume wangu, afande."

"Na nini kingine?"

"Basi."

Loo! Ghorofa tano kwa miguu, lifti mbovu, kwa ajili ya shati! Kituoni walimwita Kobe kwa vile hakuwa mtu wa kukurupuka, na leo magoti yalikuwa yanamtukana. Lakini alipomtazama yule binti, macho yamevimba, hasira ikamwishia njiani.

Akaanza kazi. Kitasa cha mlango mkubwa hakikuwa na mkwaruzo. Televisheni ipo, mkoba upo. Akapaka unga wa alama za vidole kwenye mlango wa mashine. Hakuna kitu, umepanguswa ukang'aa. Mwizi gani huyu anaiba huku anafanya usafi?

"Kwa nini uliliweka humu?"

"Mlango wake unabana, hewa haipiti. Hatuitumii, inakula umeme mno. Lile shati halijafuliwa tangu alivue, afande. Lina harufu yake. Ndiyo hiyo tu iliyobaki."

"Nani alijua lipo humu?"

"Hakuna. Mama mkwe nimemwambia shati limeibiwa, basi. Angeniona nimechanganyikiwa."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Fundi wa jengo. Jana aliingia kuziba bomba. Ni yeye tu!"

Fundi alikuwa ameshaitwa, anangoja sebuleni, jasho linamtiririka. "Afande, mimi nifanyie nini shati la marehemu? Wakinifukuza hapa, watoto wangu watakula nini?"

"Kaa hapo kwanza."

Mama mkwe alikuwa roshani, amechutama mbele ya beseni, anafikicha mashuka kwa mikono, mapovu hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mashine zote hizo ndani, mbona unajitesa?"

"Za mkwe wangu hizo. Mimi nazipangusa vumbi tu. Shuka halitakati bila mkono."

"Hilo shati, unamshuku nani?"

"Mimi? Simshuku mtu."

"Basi fundi nakwenda naye kituoni."

Mikono ikasimama ndani ya povu. "Muache mtoto wa watu! Huyo hana kosa. Na huyu mkwe wangu naye, jamani, nguo ya marehemu unaitia kwenye mashine ya moto?"

Inspekta akachutama polepole, magoti yakalia. "Mama. Nani amekwambia lilikuwa kwenye mashine?"

Bibi akatazama beseni. Machozi yakamdondoka humo humo.

"Nimelichukua mimi. Napangusa, nafungua, namkuta mwanangu anangoja kukaushwa! Ile harufu ingekwenda, baba. Nimemjua kwa harufu hiyo tangu yuko mgongoni."

"Si ungemuuliza mkweo?"

"Nimuulize vipi? Nyumba kapanga yeye, kanichukua nisikae peke yangu. Nianze kumpangia nguo za mumewe? Alipoanza kulia nikataka kusema, nikaona aibu."

"Liko wapi?"

"Chini ya mto wangu. Litoe wewe, baba. Mikono yangu ina sabuni."

Inspekta akalileta kwa ncha za vidole. Akamwambia fundi aende zake, na pole sana. Binti alikuwa tayari amesimama kwenye mlango wa roshani, amesikia yote.

"Mama, nani alitaka kulikausha? Mimi nililificha!"

"Ulificha nini, mwanangu?"

"Hichohicho ulichoficha wewe."

Akalipokea, akazika uso ndani yake. Akahangaika nalo, akinusa kifuani, mikononi, kwapani. Harufu ya dawa ya kuchua ya bibi ilikuwa imeenea kila mahali. Inspekta akakosa pa kutazama.

Kisha binti akatulia kwenye ukosi. Akapiga magoti kwenye maji ya sabuni, akaupeleka ule ukosi puani kwa mama mkwe wake, ambaye alikuwa ameitenga mikono yake mbali, inachuruzika, asije akaligusa.

"Nusa hapa, mama."

Bibi akafumba macho.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo."