Maji Yaliyomwagika Bila Bismillahi

Mtoto alilia nyuma ya jiko, na mtoto pekee wa nyumba ile, Aicha, alikuwa mgongoni mwa mama yake, Mwamini, amelala fofofo. Mwamini aligeuka. Uwani hapakuwa na mtu.

Asubuhi hiyo walikuwa wamecheka. Feruzi, mumewe, ambaye gari lake hubeba mizigo kati ya Kolwezi na Kasaji, alimletea sufuria ya presha ili apumzike na moshi wa mbabula, lile jiko la makaa. Mwamini naye, na pupa yake, akalazimisha kifuniko kabla mvuke haujaisha. Kifuniko kikaruka, maharagwe yakaganda kwenye dari, maji ya moto yakatiririka mlangoni hadi uwani. Haraka haraka haina baraka, Feruzi alimtania, na majirani wa mtaa wa Manika wakaja na simu zao kupiga picha dari. Hakuna aliyeungua, walisema, wakamshukuru Mungu.

Jioni Aicha alikataa titi. Mwamini alipomvua nguo alikuta malengelenge miguuni, mtoto ambaye hakuguswa na maji hata tone, na harufu ya nywele zilizoungua ikaingia ndani, na kile kilio cha uwani kikaanza tena, chembamba, kikisogea mlangoni, kikizunguka kitanda, mpaka Feruzi, mzoefu wa barabara za porini, akakimbia kumwita mwalimu Djafari wa msikitini.

Mwalimu alisoma, akafukiza ubani, akamwamuru asiyeonekana aseme shida yake. Maneno yakatoka kinywani mwa Mwamini, kwa sauti isiyo yake.

"Kila siku, mbele ya kumwanga maji ya moto, unasemaka bismillahi. Tunasikia, tunatoka. Leo ulisema nini? Mutoto yangu alikuwa anacheza pale, akaungua, akakufa."

Ilikuwa kweli. Tangu utotoni Mwamini hakuwahi kumwaga maji ya moto bila kumtaja Mungu, lakini leo hakumwaga yeye, ilimwaga sufuria. Sauti yake iliporudi, mwalimu alikuwa tayari kumfukuza jini kwa aya kali. Mwamini akamshika mkono. Akageukia mlango wa uwani.

"Mama mwenzangu," alinong'ona, "mi njo nilimuchoma. Unisamehe. Lakini huyu wangu usimubebe."

Akamlilia mtoto asiyemjua, kwa sauti, kama wanavyoliliwa watoto wa binadamu, na mwalimu akamwombea. Kilio cha uwani kikakoma. Malengelenge yakakauka, na sufuria ikatolewa nyumbani.

Lakini hadi leo Aicha akisikia njaa hamtazami mama yake. Hunyoosha mikono kuelekea mlango wa uwani, pasipo na mtu, kisha hutulia, midomo ikinyonya, koo likimeza. Mwamini hajamwambia mumewe. Hukaa pembeni ya mkeka, kifua kimejaa maziwa hadi kinauma, akisubiri zamu yake.